Arubaini ya Mgongo

Da Zuhura alipowekwa juu ya kitanda cha kuoshea, mwili wake haukukubali kulala chali kama miili mingine. Bega la kulia lilibaki juu, kiuno kikaelekea kwingine, na mama mwosha, ambaye ameosha nusu ya wanawake waliokufa Mji wa Kale tangu nipate akili, ikambidi aombe kanga mbili, azikunje na kuzitia chini ya ubavu ndipo maji yateremke sawasawa. Mimi ndiye niliyeshika kopo. Tulipomgeuza ili mgongo uoshwe, mkono wa mwosha ukasimama katikati ya mabega, mahali ambapo kitu kigumu kilikuwa kimeisukuma ngozi kutoka ndani, ukubwa wa fundo la kidole. "Ni nini hiki, Rukia?" akaniuliza kwa sauti ya chini. Nikamwambia ni chuma. "Yuwazikwa nacho?" Nikamwambia atazikwa nacho, amekaa nacho karibu miaka thelathini, na hakuna wa kukitoa leo. Akatikisa kichwa, akamwagia maji pole pole, akasema, "Masikini. Na yote haya kwa kuteleza bafuni." Nikajaza kopo tena. Nje ya pazia, kwenye kiti cha ukumbini, alikuwa ameketi Bi Swafiya, mamake Da Zuhura na dadake mkubwa wa mamangu. Macho yake siku hizi hayaoni mbali, lakini masikio ni mazima, na nilijua amesikia kila neno.

Mimi si mtu wa kulia msibani. Hulia baadaye, jikoni, nikiwa na kitunguu cha kusingizia. Lakini tangu siku ile kitunguu hakinisaidii, na kila nikifumba macho narudi katika ule mwaka mmoja wa katikati ya miaka ya tisini, mwaka niliomaliza shule nikapelekwa kukaa na Da Zuhura kwa sababu alikuwa hawezi tena kupanda ngazi na kitu mkononi. Nyumba yao ilikuwa kwenye kichochoro kinachotokea Ndia Kuu, ya ghorofa moja, yenye ngazi za mbao zilizolika katikati. Chumba chake kilikuwa juu, upande wa barabara. Kilikuwa na kitanda cha samadari, kasha la nguo, na mito mingi kuliko niliyowahi kuiona kwenye kitanda cha mtu mmoja, maana alikuwa halali bali huegemea. Akilala chali pumzi ilimkatika. Mgongo wake ulianza sawa shingoni, ukaenda kulia mabegani, ukarudi kushoto kiunoni, na kila mwaka ulizidi kidogo. Sisi wa nyumbani tuliujua kwa pindo la gauni, ambalo upande mmoja lilifagia sakafu na upande wa pili likaonyesha kifundo cha mguu. Nje hakuna aliyeona kitu, kwa kuwa alishikilia buibui la zamani, lile pana la kujifunika kuanzia kichwani, wakati wenzake wote walikwisha kuhamia mabuibui ya kushonwa kama koti. Mchana alishona kofia dirishani. Lakini jina lake mjini halikutokana na kofia. Lilitokana na sauti. Da Zuhura alikuwa msomaji wa maulidi ya wanawake, na waliomsikia ujana wake wanasema alikuwa akianza mstari mrefu na kuumaliza kwa pumzi moja, huku wanawake wameshika vitambaa vyao wakimngoja ashuke.

Mwaka ule nilipofika alikuwa hawezi. Alivunja mstari katikati, akameza mate, akaanza tena, na alipoalikwa alisingizia mafua. Nilimsikia siku moja alasiri akijijaribu peke yake, mlango ukiwa umerudishwa. Alifika nusu, akakohoa, akarudia, akafika nusu ileile. Kisha nikasikia sindano na uzi tena. Aliposhuka kula, tukala mkate wa mofa na mchuzi wa papa kama kawaida, akamwambia mamake kwa utulivu, "Mama, nataka kwenda kwa yule daktari." Alikuwa mtu mzima wa miaka thelathini na kitu, lakini aliomba ruhusa kama mtoto anayeomba kwenda kwenye bembea za Makadara siku ya Idi.

Yule daktari alikuwa mgeni, bingwa wa mifupa, aliyekuja mara chache kwa mwaka katika hospitali moja ya kisiwani. Alikuwa mrefu na ameinama kidogo, jambo lililomtia Bi Swafiya shaka tangu mlangoni. "Mbona wake mwenyewe haukunyooka?" aliniambia, nami nikashukuru kwamba Mzungu hajui Kiswahili. Mimi ndiye niliyekuwa mfasiri. Nilikuwa na Kiingereza cha shule, kipya na cha majivuno, na daktari alinitazama akaniambia jambo ambalo sijalisahau: niseme kila atakachosema, nisiongeze wala nisipunguze. Akaiweka picha ya mgongo dhidi ya dirisha. Niliona mbavu za upande mmoja zimebanana na za upande wa pili zimepanuka, na Da Zuhura akaugeuza uso wake. Daktari akaeleza kwamba kifua kinabanwa, pumzi itazidi kupungua, na kwa mtu wa umri huu mgongo hautajirudi wenyewe. Atapasuliwa, chuma kirefu kitawekwa pembeni ya uti, kitashikiliwa juu na chini kwa kulabu, kisha vipande vya mfupa vitapandikizwa ili vishikane viwe mfupa mmoja. Kidonda kitakuwa kirefu, kutoka chini ya shingo hadi kiunoni, kwa sababu nyama zote lazima zibanduliwe kwenye mfupa. Halafu, pengine kwa kuona nyuso zetu, akaongeza kwamba huko kwao wapo wenzake walioanza kujaribu njia nyingine, kupita ubavuni kwa vitundu vidogo wakitazama kwa kamera. Mgonjwa wa namna hiyo hana kidonda kirefu, na huinuka upesi.

"Muulize hivyo vitundu vitafika huku lini," Da Zuhura akasema.

Nikauliza. Daktari akasema hajui, huenda miaka mingi, hata kwao bado wanajifunza, na migongo ya watu wazima iliyopinda kiasi hiki hakuna anayethubutu kuifanya kwa vitundu pekee. Mapafu ya Da Zuhura hayana miaka ya kungoja. Nikafasiri hilo pia. Bi Swafiya akashika tasbihi. Da Zuhura akaitazama ile picha kwa mara ya kwanza, akaitazama muda mrefu, akasema, "Basi naanipasue."

Alipasuliwa siku chache baada ya Idi, joto la kaskazi likiwa limeshika. Sipendi kukumbuka siku zile za kwanza, uso wake uliovimba na mirija na jinsi alivyoomba maji. Lakini nakumbuka vizuri siku waliyomsimamisha. Aliyemsimamisha alikuwa muuguzi aitwaye Sista Kadzo, Mgiriama mwenye mikono mikubwa na maneno machache, pamoja na koti alilotengenezewa Da Zuhura hapo hospitalini, la ngozi ngumu lenye vyuma mbavuni na mikanda mbele. Alipomfunga mkanda wa mwisho, nilimwona Da Zuhura amekuwa mrefu kuliko mimi. Maisha yangu yote nilikuwa nikimtazama kutoka juu kidogo. Akavuta pumzi, akaishika, akatutazama kwa mshangao, kisha akaanza kusoma, pale pale kati ya vitanda. Ulikuwa mstari mmoja tu, lakini aliumaliza kwa pumzi moja, na mama mmoja wa Kaloleni kitanda cha pili, mwenye rozari shingoni, akashusha kijiko chake akasahau kula. Bi Swafiya alikaa kwenye ukingo wa kitanda akalia hadi kanga ikalowa. Mimi nilifurahi furaha ambayo sijaipata tena, hata siku ya harusi yangu, na mume wangu analijua hilo.

Kabla hatujaondoka, daktari alituita. Akasema chuma ni cha kushikilia tu, kazi ya kweli ni ya mfupa, na mfupa unahitaji miezi sita kushikana. Miezi sita koti lisivuliwe isipokuwa amelala, asiiname, asikandwe, asipindwe. Nilifasiri neno kwa neno, na Sista Kadzo akarudia kwa Kiswahili chake ili kusiwe na shaka. Da Zuhura akapiga hesabu kwa vidole: koti lingevuliwa mwishoni mwa mfungo sita, mwezi wa maulidi. Akacheka. "Hata Mungu yuwanipangia," akasema.

Tatizo ni kwamba nyumba yetu ilijua namna moja tu ya kumpokea mwanamke aliyetoka hospitali akiwa dhaifu na ana kidonda, nayo ni namna ya mzazi aliyetoka kujifungua. Bi Swafiya alikuwa amewalea wazazi wengi, wake wa ndugu, mabinti wa majirani, na mikono yake haikungoja kuambiwa. Da Zuhura, ambaye hajapata kuzaa, akalazwa chumba cha chini kama aliyejifungua jana. Akaletewa uji wa pilipili manga asubuhi, supu ya kuku adhuhuri, tende jioni. Udi ukachomwa chini ya kitanda. Wageni waliingia wakisema "hongera" kwa mazoea, wakajirudi wakasema "pole", na Da Zuhura akawajibu kwamba mtoto ni wa chuma lakini halii usiku. Tulicheka sana nyumba ile, wiki zile za mwanzo. Kisha nikaanza kuwasikia wakitaja arubaini.

Niliwasikia jikoni, Bi Swafiya na Bi Rehema, mkandaji aliyekanda wazazi wa mtaa mzima, wakichambua mchele. Mzazi hukaa ndani siku arubaini, mwili wake ukiwa wazi, kisha hukandwa, huogeshwa, hufungwa, na hutolewa nje akiwa mzima. "Mwili ni mmoja," Bi Rehema alikuwa akisema. "Ukifunguka, wafungika kwa arubaini. Tumbo, mgongo, yote mamoja." Nikaingia bila kuitwa. Nikasema daktari alitaja miezi sita, na alikataza kukanda. Bi Swafiya alinitazama kwa upole, na upole ule ndio ulioniudhi. "Mwanangu, miezi sita ni ya kwao. Kwao baridi, mfupa wachelewa kushika. Huku kwetu joto." Nikasema haikuwa habari ya baridi. "Wewe umefasiri maneno," akaniambia, "hukulea mtu. Hebu nenda kaangalie maziwa." Nilikwenda kwa Da Zuhura nikamwambia, nikitaraji atakasirika nami. Alikuwa ameegemea mito ndani ya lile koti, jasho limemtoka shingoni, na vipele vyekundu vimepanda kutoka kwapani. Chumba kilinuka ngozi na mafuta ya nazi. Aliniambia, "Rukia, n'nanuka kama kiatu. Siku zote hizi sijamwagiwa maji mgongoni. Wakinitoa nusu saa nioge, nikavaa tena, kutakuwa na nini?" Nikamkumbusha maneno ya Sista Kadzo. "Nayajua," akasema. "Lakini mtizame mama. Amefurahi vile. Nimwambie nini, hajui kulea?"

Siku ya arubaini nyumba ilijaa tangu asubuhi. Kulikuwa na mkate wa sinia, mahamri na mbaazi, birika mbili za kahawa, na asumini zimetungwa kwenye sahani. Nilisimama mlangoni mwa chumba cha chini nikitaka kuingia, Bi Rehema akanizuia kwa mkono wenye mafuta. Mwana mwari haingii chumba cha mzazi anapokandwa. Nikamwambia, mbele ya wageni, kwamba humo ndani hakuna mzazi. Wanawake wakaguna, mmoja akasema vijana wa shule siku hizi hawana adabu, na mlango ukafungwa. Nikakaa chini pale pale, mgongo wangu kwenye mbao za mlango. Nilisikia mikanda ya koti ikifunguliwa, mmoja baada ya mwingine. Nilisikia maji. Nilisikia Da Zuhura akisema "ah" ndefu ya raha, na Bi Swafiya akicheka. Kisha Bi Rehema, kwa sauti ya kazi: "Sasa inama mbele, mwanangu. Kichwa magotini. Zaidi. Bi Swafiya, m'shike mabega." Halafu nikasikia sauti ndogo, si kubwa, kama mtu aliyevunja kijiti cha mwiko ndani ya kitambaa. Da Zuhura hakupiga kelele. Alisema tu, "Mama, kuna kitu." Bi Rehema akasema, "Huo ni upepo watoka." Wanawake ukumbini waliokuwa wamesikia wakapiga vigelegele.

Alitolewa nje. Nataka nieleweke vizuri: alivishwa gauni jipya, akatiwa asumini, akaketishwa ukumbini, watu wakala. Alikuwa mweupe kama unga na anatabasamu. Koti walimrudishia jioni, halikukaa tena sawa, na mimi ndiye niliyegundua, nikifunga mikanda, kwamba kuna kitu kigumu kati ya mabega ambacho asubuhi hakikuwepo. Wiki haikwisha pindo la gauni likaanza kufagia sakafu upande mmoja.

Tuliporudi hospitali ilikuwa masika, mvua imejaa vichochoroni. Daktari aliitazama picha mpya kwa muda, akaketi. Kulabu ya juu ilikuwa imeng'oka kwenye mfupa. Akauliza, kwa Kiingereza, akinitazama mimi: je, kuna mtu aliyemwinamisha? Bi Swafiya alikuwa amesimama nyuma yangu, na bila kujua Kiingereza alijua alichoulizwa. Nilisikia tasbihi yake imesimama. Nikafungua mdomo. Da Zuhura, kutoka kitandani, akaniwahi. "Mwambie niliteleza bafuni," akasema. Nikamgeukia. Akarudia, kwa sauti ileile aliyotumia kumaliza mistari mirefu: "Mfasirie, Rukia. Niliteleza bafuni." Maneno yalikuwa yake na mgongo ulikuwa wake. Nikamfasiria daktari, sikuongeza wala sikupunguza. Aliandika. Akasema kurudia sasa, na mapafu yale, ni hatari kubwa. Tungoje mwakani akirudi. Mwakani hakurudi. Tulisikia mkataba wake ulikwisha, akaenda kwao, kwenye kamera na vitundu vyake.

Mfungo sita ulipofika, maulidi ya wanawake yalisomwa nyumba ya tatu kutoka yetu. Da Zuhura alikaa dirishani, ameegemea mito, anashona. Msomaji alikuwa binti mdogo ambaye Da Zuhura alimfundisha mwenyewe. Alipofika kwenye ule mstari mrefu, midomo ya Da Zuhura ilisogea pamoja naye, ikaacha katikati, na binti akaendelea peke yake. Bi Swafiya alikuwa akipanda ngazi na kikombe cha chai ya tangawizi. Alisimama ngazi ya juu kabisa mpaka mstari ukaisha, kisha akashuka na chai yake.

Tangu hapo "kuteleza bafuni" kukawa habari rasmi. Bi Rehema aliambiwa hivyo, akaamini, akafa akiamini. Nilipoolewa niliondoka nyumba ile, lakini nilirudi kila wiki, na kila mgeni mpya aliyeuliza nilimsikia Da Zuhura akimsimulia habari ya bafu, na kila mara akiongeza kidogo: sabuni, kigae kilichovunjika, paka. Mamake akikaa pale pale akisikiliza, kichwa chini. Nilikuwa nikimkasirikia Da Zuhura kwa hilo kuliko nilivyomkasirikia mtu yeyote. Niliona amejitwika mzigo wa watu wengine juu ya mgongo usioweza kubeba hata wake. Leo sijui. Pengine lilikuwa jambo pekee alilolishika mwenyewe kutoka mwanzo hadi mwisho.

Miaka mitatu iliyopita pumzi zilipombana sana nilimpeleka kwa daktari kijana, Mswahili mwenzetu, mtoto wa watu tunaowajua. Alituonyesha kwenye kioo cha kompyuta jinsi migongo ya watu wazima inavyonyooshwa siku hizi, kwa matundu madogo ubavuni na mgongoni, skrubu zikiongozwa kwa picha, nyama zisibanduliwe, mtu akatembea kesho yake. Da Zuhura alitazama mpaka mwisho kama anayetazama harusi ya mwingine. "Vimefika," akasema. "Vile vitundu." Kijana akainamisha uso, akasema kwa mapafu haya, shangazi, hakuna atakayethubutu kukulaza kwa dawa ya usingizi. Da Zuhura akampigapiga begani. "Usijali, mwanangu. Mimi nilizaliwa mapema." Tukarudi nyumbani kwa tuktuk.

Alizikwa baada ya alasiri. Wanaume waliporudi, Ghalib, kakake, akaja kwenye pazia la wanawake kumpa mamake habari, kama ilivyo desturi. Bi Swafiya hakumuuliza ni nani waliohudhuria. Aliuliza, "Mmemlaza vipi?" Ghalib akasema walimlaza ubavu wa kulia, ila waliupanua mwanandani wa kaburi kidogo, mgongo haukuingia. "Mmemwegemeza?" Akasema walimwekea madongo nyuma, akategemea vizuri. Bi Swafiya akaitikia kwa kichwa mara kadhaa. Jirani mmoja, kwa nia njema, akasema Mungu amrehemu, aliteseka sana tangu siku ile ya bafuni.

"Zuhura hakuteleza," Bi Swafiya akasema.

Akasema tena, kwa nguvu zaidi, kwamba Zuhura hakuteleza popote, yeye ndiye aliyemshika mabega. Wanawake wakamzunguka mara moja. Nyamaza mama, umechoka mama, leteni maji, ni huzuni inasema, mzee hajui asemalo. Mmoja alimshika mkono amwinue ampeleke akalale. Upole ule ule. Nilikuwa nimesimama mlangoni mwa chumba cha chini, na nilisikia mwenyewe nikisema, kwa sauti iliyowashtua, "Mwacheni aseme. Mimi nilikuwepo. Nilikuwa hapa mlangoni."

Bi Swafiya akageuza uso kutafuta sauti yangu ilikotoka. Machozi yalikuwa yakimshuka lakini hakuyafuta. Akanyoosha mkono hewani, nami nikaenda nikaushika, nikakaa chini ya kiti chake.

"Hawanisikii mimi," akasema. "Wafasirie, Rukia."

Nikawafasiria, kuanzia uji wa pilipili manga hadi vigelegele. Sikuongeza wala sikupunguza, na mkono wake haukuniachia mpaka nilipomaliza.